Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Jua halijapanda, na fundi sofa ameshafungua madirisha yote mawili ya chumba chake. Anakung'uta pazia nje, anafuta kingo za kitanda kwa kitambaa kibichi, kisha ananyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. "Ukifagia pakavu, vumbi linatoka chini linaingia puani," ananong'ona.

Ananong'ona kwa sababu leo ana mgeni. Binti yake wa miaka tisa, anayeishi kwa shangazi yake, amelala hapa kwa mara ya kwanza tangu aondoke miaka miwili iliyopita.

Mtaani fundi huyu anaitwa Sponji. Ukimuuliza jina lake halisi, anacheka: "Hata mke wangu amelisahau."

Zamani chumba hiki kilikuwa nyumba na karakana kwa pamoja. Mchana Sponji alikata sponji na kupaka gundi humu. Usiku alisukuma mbao pembeni, wakatandika godoro, wakalala. Dirisha, lilikuwepo moja tu wakati huo, alilipigilia ubao ili vumbi la barabarani lisichafue vitambaa vya wateja.

"Watu wanapenda sofa nyeupe, bwana," anasema. "Nikakihurumia kitambaa cha mtu kuliko kifua cha mwanangu."

Mtoto alianza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Wakalaumu baridi, wakalaumu juisi za barafu za shuleni. Mkewe alipolalamikia gundi, Sponji alimjibu kwamba harufu hiyo ndiyo inayomlisha.

"Mdomo huu, jamani!" anasema, akijipiga kofi dogo mdomoni.

Jioni moja mtoto alishindwa kupumua, wakamkimbiza hospitali. Daktari akauliza wanalala wapi. "Nilipomweleza, hakunigombeza. Heri angenigombeza."

Ushauri ulikuwa mfupi: gundi na vumbi viondoke, ama mtoto aondoke. Kodi ya banda la kufanyia kazi Sponji hakuwa nayo. Akaondoka mtoto.

Leo banda lipo, ng'ambo ya barabara, na linameza theluthi ya kipato chake. Zulia kuukuu limetupwa. Ubao umeng'olewa dirishani, na mwenye nyumba akakubali litobolewe dirisha la pili ukuta wa nyuma, hewa ipite. Mkewe anapikia barazani.

"Simlaumu peke yake," anasema mke huyo, akichochea jiko. "Mimi pia nililala humo humo. Majuto ni mjukuu, ndugu yangu."

Ndani, mtoto anajinyoosha. Sponji, aliyetoka nje kumwaga maji ya ndoo, anaingia mbio.

"Umelala vizuri, mama?"

"Vizuri, baba."

"Na kifua?"

"Hakijapiga filimbi hata kidogo."

Sponji anapiga makofi, anamwita mkewe kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Macho yamemlowa na hajali nani anamwona. Mtoto anawatazama wazazi wake, anatabasamu kwa adabu, kisha anaanza kukunja shuka lake vizuri, kama mgeni.

"Baba, tunarudi nyumbani saa ngapi?"

Mama mtu anarudi barazani kwenye sufuria yake. Sponji anashika ncha ya pili ya shuka, anamsaidia kukunja.

"Tukishakunywa chai, mama. Nitakusindikiza."

Nje anaegemea ukuta karibu na dirisha lile la zamani. Matundu ya misumari bado yanaonekana kwenye fremu.

"Likizo ijayo nitamwomba dada aniachie akae wiki nzima," anasema. "Na madirisha nitayafungua kila asubuhi, hata akiwa hayupo. Nataka siku moja akisema nyumbani, awe anasema hapa."