Mbuzi Aliyepelekwa Gachoka

Ngazi za ofisi yetu zikidekiwa kwa kriolini, wenzangu huziba pua. Mimi husimama kidogo nikaivuta, maana hiyo ni harufu ya cucu, bibi yangu, akimwaga ndoo ya dawa hiyo mlangoni pa zizi.

Nilikuwa mdogo, na mbuzi wa majirani walikuwa wameanza kukohoa, na kikohozi hicho kilikuwa kinamaliza zizi zima. Lakini muda mrefu kabla ya hapo cucu alikuwa amemchukua mbuzi wangu, yule mwekundu mwenye sikio lililopasuka, akampeleka Gachoka kwa rafiki yake. Kwetu ndivyo watu walivyofuga: mbuzi wengine nyumbani, wengine kwa rafiki wa mbali. Mimi nililia nikakataa hata uji.

"Umewapa watu mbuzi wangu!"

"Sijampa mtu, mama," cucu alinijibu. "Nimemweka."

Kriolini haikusaidia. Mbuzi wetu walikohoa wakinyoosha shingo, kamasi zikiwatoka, hadi zizi likanyamaza. Cucu aliendelea kulifagia kila asubuhi, kana kwamba wameenda tu malishoni.

Baada ya mavuno, mama mmoja aliingia uani akivuta kamba, vumbi hadi magotini. Nyuma yake alikuja mbuzi wangu, na nyuma ya mbuzi wangu, kitoto chekundu.

"Nimewaletea watu wenu," alisema.

Cucu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilimkumbatia mbuzi wangu, nikaweka sikio ubavuni mwake. Alinukia moshi wa jiko la watu wengine, na hakukohoa.