Walinificha Ili Maswa Wasijue

Ndugu zangu, mama ameniomba nieleze haya kwa upole. Nimejaribu, nimeshindwa.

Kabla ya kuugua nilikuwa kijana mwenye shahada na jina. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia Bariadi, na mmoja wao akaichukua timu yetu na kuniajiri kuwa kocha wa mshahara. Tukashinda mechi sita mfululizo. Nikipita sokoni, wanawake walipiga vigelegele. Mimi, badala ya kufurahi, nilikuwa nawaza: leo wananishangilia hivi, siku nikifungwa watanifanya nini?

Mawazo yakaninyima hamu ya kula. Kichwa kikauma, nikawa nameza aspirini tumbo tupu. Maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kila kona na hakuna aliyeuliza cheti. Tumbo likaanza kuchoma chini ya kifua. Kisha choo kikawa cheusi, kinanata kama lami. Siku tatu kabla ya kucheza na timu ya Maswa, nilitapika damu mazoezini.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Timu yetu ilikuwa na kamati ya ufundi, ambayo haikujua ufundi wowote wa mpira. Kazi yake ilikuwa waganga. Mwenyekiti wake, Mzee Luhende, alikataza nisipelekwe hospitali.

"Maswa wakisikia kocha kalazwa, watajua dawa yao imefanya kazi."

Wakanilaza kwenye ghala la pamba, wakaninywesha mizizi iliyochemshwa, na mama wakamwambia nimesafiri. Nami nilikubali. Msomi mzima nilikubali, kwa sababu niliogopa kuitwa msaliti kuliko nilivyoogopa kufa.

Mama hakuamini, maana sijawahi kusafiri bila kumuaga. Alinitafuta, akanikuta mchana wa mechi, midomo imepauka. Akaleta mkokoteni wa ng'ombe. Mzee Luhende akasimama mlangoni.

"Mayu, mama yangu, vumilia dakika tisini tu."

"Sikumzaa kwa ajili ya ligi. Nipishe."

Njia ya hospitali inapita kando ya uwanja. Watu walewale waliokuwa wakiimba jina langu waliniona nimelazwa mkokotenini, na baadhi yao wakanizomea, wakiniita msaliti. Sijasahau.

Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, vimechokonolewa na vile vidonge, na kwamba kama ningecheleweshwa zaidi nisingeiona jioni. Damu ilihitajika. Kamati ilikuwa imewakataza wachezaji wangu kunikaribia. Aliyekuja baada ya mechi, kwa kuwa alisikia habari zangu pale uwanjani, alikuwa golikipa wa Maswa, jezi imejaa vumbi, kafungwa mabao mawili. Damu yake ikalingana na yangu.

"Kocha, mmetufunga na wewe hupo," aliniambia akijilaza kutolewa damu. "Kwani kazi yako huwa nini?"

Nilicheka, tumbo likauma.

Leo natembea, nakula kwa wakati, na nafundisha mpira. Mzee Luhende bado anatangaza kwamba mizizi yake ndiyo iliyoniponya. Si kweli. Namshukuru Mungu, mama yangu, daktari yule, na golikipa ambaye kamati ilitaka asijue kabisa kwamba naumwa.

Nawe ukiona choo cheusi, usingoje ruhusa ya mtu. Nenda hospitali, hata kama njia inapita uwanjani.