Msichana Niliyemfunika Barabara ya Kawawa

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, halafu tuongee. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Nauza magauni ya mitumba Mchikichini, mwaka wa kumi na sita huu, na kama kuna kitu sina ni muda wa kukaa nikatunga uongo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, kwa macho yangu na kwa mkono wangu huu wa kulia, na jirani yangu wa kibanda cha pili alikuwepo.

Unaijua Barabara ya Kawawa asubuhi? Saa kumi na mbili kasoro sisi wa mitumba tunakimbilia belo zinapofunguliwa, maana ukichelewa unakuta wenzako wameshachagua vizuri vyote, wewe unabaki na matambara. Kwa hiyo tunavuka popote. Zebra ipo, lakini nani ana muda wa zebra? Na bodaboda nao wanapita wanavyojua wao, taa nyekundu kwao ni pambo.

Asubuhi hiyo ndiyo kwanza nimevuka, nikasikia breki nyuma yangu, halafu kishindo. Lori la mchanga limegonga bodaboda. Mwenye pikipiki alirushwa mtaroni, akawa anapiga kelele, kwa hiyo tulijua yuko hai. Abiria wake alilala katikati ya lami. Msichana, miaka ishirini hivi, blauzi ya njano, kichwa wazi, maana helmeti yake ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Hakusogeza hata kidole. Sketi ilikuwa imepanda mpaka kiunoni, na wanaume wazima wameshatoa simu wanapiga picha.

Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nikavua khanga niliyojitanda, nikamfunika kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wale wanaume nikawasema mpaka simu zikarudi mifukoni.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo. Dereva mmoja wa bajaji alikuwa ameshasimama, anauliza tumpakie. Hospitali si mbali, ni dakika kumi tu kama hakuna foleni. Mimi ndiye niliyemjibu. Nikamwambia, "Nenda tu baba, huyu ameshatutoka." Akaniamini, akaondoka. Nani angebisha? Kwetu hapa mtu akishafunikwa khanga usoni basi, watu wanavua kofia, wanasogea pembeni, wanasubiri gari la kuchukua maiti. Hakuna aliyemsogelea tena. Yule wa mtaroni wakambeba, huyu wakamwacha. Mimi nikaenda kwenye belo zangu, na siku nzima wenzangu wananisifu kwamba nimemstiri mtoto wa watu. Nilijisikia vizuri, siwadanganyi.

Siku ya tisa, inakaribia magharibi, nafunga biashara. Jirani yangu Mangi, Mchaga mmoja anayeuza viatu, alikuwa anajaza mzigo wake kwenye gunia. Mara nikaona mtu amesimama mbele ya meza yangu. Nikajua ni mteja wa mwisho, nikamkaribisha hata bila kumtazama, nikamwambia magauni ya saizi yake yapo.

Akasema shikamoo, nikaitikia marahaba. Halafu akaweka khanga mezani, imekunjwa vizuri. Niamini mimi, niliijua kabla sijaigusa. Pembeni ilikuwa na tobo la msumari, nalijua tobo langu. Ni ile iliyoondoka na maiti. Nikainua macho, nikaiona blauzi ya njano.

Nilitaka kumwita Mangi, yuko hatua nne tu. Msichana akaniwahi.

"Mama," akasema, taratibu kabisa, "kabla hujanifunika, ulinigusa?"

Wewe ungejibu nini hapo? Mimi nilidanganya. Nikasema ndiyo, nilikugusa, ulikuwa wa baridi. Hakukasirika, na bora angekasirika. Alinyoosha tu mkono juu ya meza.

"Niguse basi."

Mpaka leo sijui kwa nini nilimshika. Labda niliona nikikataa atahamia kwangu moja kwa moja. Nikamshika kifundo cha mkono, na jamani, mkono ulikuwa wa moto. Moto wa mtu aliye hai, kama mkono wako wewe unayesoma. Na chini ya vidole vyangu mshipa ulikuwa unapiga. Nikataka kuuachia, vidole vikagoma.

Adhana ikaanza upande wa Msimbazi. Ikaisha, mshipa unapiga. Watu wanaokwenda kuswali wakatupita, mmoja akanisalimia mimi peke yangu, mshipa unapiga. Mangi akafunga gunia la kwanza, akaanza la pili. Taa za vibandani zikawaka. Msichana ananitazama tu, hapepesi macho.

"Nilimsikia yule wa bajaji akiuliza," akasema. "Nikasikia na wewe ulivyomjibu."

Hapo ndipo mapigo yalipoanza kulegea. Yakapiga, yakasita, yakapiga tena. Nikajikuta namwomba, usiache mdogo wangu, usiache. Nikamsugua mkono kama unavyomsugua mtoto mwenye degedege. Yakawa mbalimbali, nasubiri moja mpaka nakata tamaa, linakuja. Watu walianza kutoka msikitini ndipo lilipopiga la mwisho. Nikasubiri jingine, halikuja. Mkono ukapoa hapo hapo kiganjani mwangu.

Piga hesabu mwenyewe. Tangu adhana mpaka watu wanatoka kuswali. Bajaji ingeshafika hospitali, hata kama kuna foleni.

Kilichonizindua ni Mangi, ananitikisa bega, ananiuliza kama naumwa. Anasema tangu magharibi ananiona nimekaa peke yangu, nimeishika ile khanga na kulia, akadhani nimepata msiba nyumbani. Msichana hakumwona. Khanga aliiona, na alishaisikia habari yake. Nilipomwonyesha lile tobo aliacha magunia yake pale pale akaenda zake, na toka siku hiyo hafungi biashara baada yangu.

Sasa hivi nikikuta mtu amefunikwa barabarani, namfunua. Naweka vidole shingoni, naweka sikio puani. Wengi wamekufa kweli. Sokoni wananiita mchawi, wanasema natafuta kitu kwa maiti, na wateja wangu wengine wamehamia vibanda vya mbele. Siku moja Magomeni walitaka kunipiga. Nikawaambia mtanipiga vizuri tu, ila kwanza nisaidieni kumpakia, maana huyu anapumua. Na alikuwa anapumua.

Uchawi waseme tu, nimezoea. Linaloninyima usingizi ni mama wa yule msichana. Alikuja mwezi uliofuata kutoka Kigogo, kibanda kwa kibanda, anaulizia mwanamke aliyetoa khanga. Walipomleta kwangu alinishika mikono yote miwili.

"Nimeambiwa ni wewe uliyemstiri mwanangu, wasimwangalie," akasema. "Mungu akulipe."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni, wallahi nilikuwa nayo. Nikaitikia amina. Kila Idi sasa ananiletea pilau kwenye hotipoti, ananiita dada. Nami naila.

Kuvaa helmeti na kuvuka kwenye zebra wameshakuambia wengi, sina jipya hapo. Ninachokuonya mimi ni huruma yako. Ukikuta mtu kalala kwenye lami, usikimbilie kumfunika uso, na usiseme ameshatutoka kama wewe si daktari, maana yeye yupo hapo chini anakusikia. Na mimi Kawawa naivuka kila asubuhi. Ikitokea ukanikuta nimelala pale, hata kama nguo zote zimenitoka, khanga yako kaa nayo. Simamisha bajaji unipakie. Aibu nitaiona mwenyewe nikizinduka.