Moshi Kwenye Duka la Hopkins

Harufu ninayoikumbuka kwanza ya duka la mama si ya nyama ya mbuzi wala ya hiliki. Ni ya uunsi, ubani uliopikwa na sukari na manukato, ambao wanawake wa Kisomali huufukiza alasiri. Mama aliutia juu ya kaa la moto ndani ya chetezo cha udongo, kando ya friza, akisema mteja hapaswi kukutana na harufu ya damu kabla ya salamu. Duka lilikuwa Hopkins, mji mdogo kando ya Minneapolis, katika safu ya maduka iliyobanwa kati ya fleti za zamani na maegesho ya magari, na mimi nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa maswali. Nilimuuliza mbona asifungue tu mlango harufu itoke. Akaniambia nifungue mwenyewe. Ilikuwa Januari, theluji imejaa nje.

Alasiri moja ya baridi hiyo moshi ulizidi, king'ora cha jengo zima kikalia, na sote tukajikuta nje kwenye theluji. Kinyozi wa jirani, Mzungu mzee ambaye hakuwahi kutusalimu, alitoka na mteja aliyevaa shuka la kunyolea, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Leo ningecheka. Siku ile kinyozi alimnyooshea mama kidole, akasema watu wetu wamezoea kuchoma, basi tukachome kwetu. Wazima moto walikagua wakaondoka. Lakini wapangaji wenzetu walimpigia simu mwenye jengo wakitaka tuondolewe mkataba ukiisha, naye akasema atakuja Ijumaa kuamua.

Baba alikuwa tayari kuondoka. Alitaka tuhamie Minneapolis mjini, kwenye jumba la maduka ya Wasomali, ambako hakuna anayeshtuka akinusa ubani. Hata mimi niliona ana hoja: kwa nini kung'ang'ania mahali usipotakiwa? Mama aliendelea kukata nyama.

"Mogadishu nilihama kwa risasi," akasema. "Mombasa nikahama kwa kuchoka kukimbizwa na polisi. Hapa nihame kwa moshi?"

Mama Neema, mkimbizi wa Kikongo aliyeishi fleti za nyuma, alikuwa anasubiri unga na samaki wake wakavu. Hakuwa na gari, na duka jingine lenye unga ule lilikuwa mbali. "Dada, ukienda, mimi na watoto tutakula nini? Theluji?"

Ijumaa mwenye jengo alifika na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilitarajia mama afiche chetezo. Alikibeba mpaka maegesho, akakiweka juu ya theluji, akatia ubani mbele ya macho ya mwenye jengo. Akamweleza, mimi nikimsaidia pale Kiingereza kilipomkwama, kwamba alikosea kuufukiza ndani na milango imefungwa, na tangu leo ataufukiza nje. Mama Neema alikuja na wanawake wa kanisani kwake. Walisimama pembeni, mifuko ya unga mikononi. Kinyozi naye akatoka. Akanusa, akanusa tena, akanung'unika kwamba kanisa la bibi yake lilinukia hivyo hivyo. Mwenye jengo akawatazama wale wanawake na mifuko yao. "Mwaka mmoja," akasema. "Tuone."

Ninaowasimulia hupenda kuamini kwamba harufu ndiyo iliyolainisha mioyo. Mimi siamini. Kinyozi aliendelea kupita bila salamu hadi kiangazi, na nadhani mwenye jengo aliona wateja, si binadamu. Lakini mama alibaki, na kubaki kukafanya kazi ambayo hoja zangu hazikuiona. Watu walimzoea, polepole, kama mtu anavyozoea kiatu kipya. Sasa nimemaliza chuo kikuu. Bado wapo wanaotupigia kelele kutoka kwenye magari yao, nami bado nauliza kwa nini kila mara ni sisi wa kujieleza. Juzi binti wa mwenye jengo, anayesimamia mali siku hizi, alileta mkataba mpya akauliza kama ni mwaka mmoja, kama kawaida.

Mama akajifuta mikono.

"Kumi," akasema, akarudi kwenye nyama yake.