Karabina Zilizopakwa Oili

Watu wakisikia kwamba niliosha vioo vya maghorofa ya Kampala nikining'inia kwenye kamba, swali lao ni hilo hilo: mwanamke mzima, hukuogopa? Niliogopa, tena sana. Anayening'inia ghorofa ya kumi na tatu bila woga ana lake huyo, mimi sitaki kufanya naye kazi. Ila woga wangu niliupa kazi ya kufanya: ulikagua karabina.

Karabina ni pete ya chuma yenye mlango mdogo wa springi. Ndiyo inayounganisha mkanda uliouvaa mwilini na kamba. Kila asubuhi juu ya paa nilizichukua zangu moja moja. Nafungua mlango, nauachia, nasikiliza. Lazima ujifunge wenyewe, haraka, ta! Kisha nakaza skrubu yake na kuubonyeza mlango nione kama umeshika kweli. Nikikuta ufa, au mahali kamba ilipokula chuma, hiyo haitumiki tena, hata nani aseme nini. Wenzangu walinicheka. "Binti wa askari anakagua gwaride!" Wacheke tu. Kweli nimezaliwa kambini, Kiswahili nimekinyonya huko, na marehemu baba alikuwa mkali kwa jambo moja: chuma chenye springi ukikilowesha oili penye vumbi, umekiharibu. Bunduki yake aliipangusa kwa kitambaa mpaka oili ikabaki harufu.

Kiangazi kimoja tukaletewa msimamizi mpya, fundi wa magari aliyetoka gereji moja ya Bwaise. Si mtu mbaya. Lakini kwa mtu wa gereji, chuma kikilalamika kinapewa oili, basi, yameisha. Siku yake ya pili alizikusanya karabina zetu zote, akazipaka oili ya injini kwa burashi, akaziacha kwenye beseni huko huko juu ya paa ili ziingiwe vizuri. Na vumbi la mji huu mnalijua.

Asubuhi nilifungua mlango wa ya kwanza. Ulirudi nusu, ukabaki hapo, umeachama kama mtu anayesinzia kanisani. Ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Oili na vumbi jekundu vilikuwa vimegeuka uji mzito ndani ya springi.

"Bosi, hizi hazifai," nikasema. "Zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zikauke, ndiyo tushuke."

"Kuosha mpaka saa ngapi? Wenye jumba wanangoja."

"Mpaka zijifunge zenyewe."

"Wewe mwanamke maneno mingi! Kama unaogopa, nenda Kalerwe ukauze matoke."

"Nitauza, tena nitauza nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili!" Banange, jamani, hasira ilinipanda!

Mwenzangu wa kamba ya pili alikuwa Mkongo, aliyekimbia vita kwao mashariki, baba wa mapacha ambao hata meno walikuwa hawajaota. Kazi ile aliitafuta mwaka mzima. Nikamwona anaanza kuvaa mkanda. "Dada, acha tu," akasema bila kunitazama. "Mi nitashuka." Akausukuma mlango wa karabina kwa kidole gumba, ukafunga. Akajaribu kukaza skrubu, ikagoma katikati.

"Unaona? Imefunga."

"Umeifunga wewe. Huko chini ikijigonga ukutani, nani ataisukuma?"

Sikungoja jibu. Nilimnyang'anya ile karabina, nikaifunga kwenye kamba, nikatundika ndoo iliyojaa maji, kamba nikaipitisha juu ya bomba la paa. Nikaitikisa jinsi inavyotikisika upepo ukivuma kutoka upande wa Kibuli. Karabina ikajigonga kwenye bomba, mlango ukaingia ndani, haukurudi. Mpini wa ndoo ukateleza nje. Ndoo ikaanguka puu, na maji yakamlowesha msimamizi viatu na soksi.

Alikung'uta mguu mmoja. Kisha akasema, "Ndoo si mtu."

"Sawa. Vaa mkanda wewe, utuoneshe."

Alitazama ukingo wa paa. Alitazama viatu vyake. Hakuvaa. Akamgeukia Mkongo: "Wewe, shuka. Au unataka nitafute mwingine?"

Na yule ndugu yangu, nakwambia, akanyoosha mkono kuichomoa ile ile karabina kwenye kamba. Niliiwahi, nikaichomoa mimi. Nikazikumba na zile zilizobaki kwenye beseni, nikafunua tangi la maji la paa, nikazitumbukiza zote ndani. Zikazama hadi chini. Mpaka leo nikikumbuka ule mlio nafurahi. Sijawahi kuomba radhi, na wala siombi.

"Nje!" msimamizi akapiga kelele. "Wote wawili! Mmeshirikiana!"

Mwenzangu alijaribu kumweleza kwamba yeye hakushirikiana na mtu, kwamba yeye alikuwa tayari kushuka. Hakusikilizwa.

Lifti haikuwa yetu, tuliteremka kwa ngazi. Alitangulia, begi begani. Mahali fulani katikati ya jengo alisimama akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeniharibia, dada. Nani alikutuma? Sasa nitamwambia nini mama watoto?"

Mimi pia nilikuwa sina kazi. Nilitaka kukaa pale pale kwenye ngazi nilie. Lakini swali lile lilinirudishia hasira yote.

"Nitukane," nikamwambia. "Nitukane mpaka chini, na kesho unipigie simu unitukane tena. Lakini mama watoto utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Mimi sikuwa tayari kwenda kumwambia umeanguka."