Ng'ombe Wanne Waliobaki

Fundi aliyetujengea mtambo wa gesi ya samadi alisema tusubiri wiki tatu. Kabla ya kuwasha pikipiki yake kurudi Mpanda mjini aliniambia tena: "Dada, koki usiiguse." Siku ya tano nilikuwa nimeshaigusa.

Sikuweza kutulia. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani Kasekese anapita tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshawishi baba mkwe tuchimbe lile shimo kando ya zizi lake. Mama mkwe alikuwa amepikia kuni tangu walipohama Shinyanga na ng'ombe wao, na macho yalikuwa yanamchuruzika hata akiwa mbali na jiko. Baba mkwe alikubali, ila kwa shingo upande.

"Moto usipowaka, shimo utalifukia mwenyewe," aliniambia.

Kila asubuhi nilizoa mavi zizini, nikayakoroga na maji kwa mikono, nikatoa majani, nikamimina shimoni. Nikienda shambani, sikutulia kwenye palizi. Nilifika katikati ya mstari, nikaacha jembe, nikarudi kusikiliza bomba la gesi.

"Umetoka kwenye mahindi mara ngapi leo?" mama mkwe aliniuliza.

"Mara mbili, mama."

"Nimekuona mara nne."

Wiki tatu zilipotimia nilifungua koki, nikawasha kiberiti. Upepo ukatoka fyuu, ukakizima. Nilipanda kwenye kichuguu penye mtandao nikampigia fundi. Akasema gesi ya kwanza huwa haishiki moto, niitoe yote nisubiri tena. Niliitoa. Ua mzima ukanuka, na baba mkwe akahamisha kiti chake.

Siku ya ishirini na sita niliwasha tena nikadhani imeshindikana, maana sikuona chochote. Nikasogeza mkono, nikaungua vidole. Moto ulikuwepo, wa bluu, mwembamba, mwanga wa mchana ulikuwa umeuficha.

Mama mkwe aliinama akachungulia chini ya sufuria niliyobandika. "Na moshi unatokea wapi?"

"Hauna moshi, mama."

Alivuta kigoda akakaa karibu kabisa na jiko, mahali ambapo sikuwahi kumwona anakaa.

Kiangazi kikaja. Malisho yakaisha, na baba mkwe akatangaza kwamba ng'ombe wote wanashuka bondeni hadi mvua zirudi. Bila mavi yao mtambo ungezimika. Katika mahangaiko yangu yote hilo sikuwa nimeliwaza. Nilizunguka zizi siku nzima, nikashika hiki nikaacha hiki, mwisho nikaenda kupiga goti mbele yake.

"Baba, niachie wanne. Nitawakatia majani, maji nitawaletea kwa baiskeli."

"Ng'ombe wa kufungwa kamba atakonda," alisema. "Wewe unataka mavi. Mimi nataka ng'ombe."

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Si mtu wa kumjibu mumewe mbele yetu. Aliweka ungo chini. "Basi na mimi nahamia huko bondeni, mavi yaliko. Kwenye moshi sirudi."

Baba mkwe akainuka, akatoka. Asubuhi alipoondoka na kundi, wanne walibaki wamefungwa, wakilia kuwaita wenzao mpaka jioni.

Ilikuwa miezi migumu. Nilikata majani mtoni, siku nisizofika huko niliwapa mabua ya mahindi. Moto ulipungua, ukatosha uji na chai tu, maharage nikayapikia kuni mwenyewe. Wageni wakija nilikuwa nainuka kila mara kwenda kuwatazama wale ng'ombe kama wamesimama au wamelala.

Mvua za kwanza ziliponyesha, baba mkwe alirudi na kundi. Hata salamu hakuimaliza. Aliingia zizini akawapapasa mbavu wale wanne, mmoja mmoja.

"Majani ulikata wapi?"

"Kule mtoni, baba."

"Yapo mengi?"

"Yapo."

Akafikiri kidogo. "Mwakani nitakuachia sita."

Nilimshukuru, na hapohapo nikaanza kupiga hesabu kichwani: sita wanakunywa ndoo ngapi, na baiskeli inabeba ngapi kwa safari moja.