Kitambaa Juu ya Amplifaya

Nichekeni tu, nimezoea, maana hata mke wangu siku hizi akitaka kunishinda kwa mabishano anataja kitambaa, kwisha.

Nilikuwa nimenunua amplifaya ya maana, mashine ya kusukuma spika, ile ya bei ambayo watu wa muziki wakiitaja wanashusha sauti, na kanisa letu pale Malaba lilikuwa linatafuta mtu mmoja wa kupiga vyombo kila sherehe, harusi, harambee, kila kitu. Kazi hiyo niliitaka mpaka nikawa silali vizuri. Shida ni kwamba mwenyekiti wa kamati, Mama Amoit, aliwahi kuzimikiwa na vyombo vya mtu mwingine katikati ya harusi ya bintiye, kwa hivyo akasema yangu itapigwa kwanza uwanjani, sauti ya mwisho, mchana kutwa, juani, kamati ikiangalia. Ikistahimili, kazi ni yangu.

Sasa uwanja uko kando ya barabara, matrela yakipita unatafuna vumbi, nami nikaingiwa na huruma (amplifaya mpya, jamani) nikaifunika na kitambaa cha kufuma cha mke wangu, kile cha maua kinachokaa juu ya televisheni wageni wakija. Kwetu kitu cha bei hakikai uchi.

Muziki ukaanza, mabati ya kanisa yakatetemeka, lakini mimi situlii: nakaa, nasimama, nakagua nyaya, natazama uso wa Mama Amoit, nakaa tena. Uso hausemi kitu. Anaomba sauti iongezwe, anaenda nyuma kabisa, anarudi, anaomba tena, na mimi roho iko juu, hasira nazo zikaanza kupanda, nikamwinamia rafiki yangu Barasa, nikapiga kelele sikioni mwake kwa nguvu zangu zote: "Huyu mama anajifanya tu, hajui chochote. Hata ningemletea redio ya betri angekubali."

Kumbe chini ya yale maua amplifaya ilikuwa imekosa hewa, ikapata joto mpaka ikajizima yenyewe isiungue. Ilijizima nilipofika "huyu mama". Maneno mengine yote yalitoka peke yake, wazi, mpaka kwa wauza ndizi ng'ambo ya barabara. Kamati nzima ikageuka, na Barasa (rafiki gani huyu) akaanza kuangalia kwingine kama mtu asiyenijua.

Mama Amoit akaja polepole, akainua kitambaa, akausikia ule moto, akakikunja vizuri na kunipa mkononi.

"Boss," akasema, "basi siku ya harambee tuletee hiyo ya betri."

Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Na nikiwa bado nimeshika kitambaa, amplifaya ikapoa, ikawaka tena yenyewe kwa sauti ya mwisho, nzima kabisa, haina kosa lolote. Kazi ilienda kwa jamaa wa upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka.

Siku hizi amplifaya yangu inakaa uchi, vumbi liingie likitaka. Na mimi nikiwa karibu na spika, muziki hata uwe mkubwa namna gani, naongea kana kwamba umeshazimwa.